Ajali za Barabarani Nchini Kenya

Ndugu askari, mwanzoni mwa Februari, 2004, wakazi wengi wa Nairobi walikwenda kazini kwa miguu. Matatu ambazo hazikutimiza masharti mapya ya Waziri wa Uchukuzi, Ndugu John Michuki, zilizuiwa kufanya kazi. Kila matatu ilipaswa kuwa na mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na abiria kusimama ndani ilikuwa marufuku. Madereva waliozoea kushindana wakatulia, na mwaka huo vifo vikapungua.

Lakini ukaguzi ulipolegea, vidhibiti mwendo vilichezewa na kasi ikarudi. Baadaye pikipiki za bodaboda nazo zikaenea. Mwaka 2024 ajali ziliua watu zaidi ya 4,700 nchini humo, kundi kubwa kuliko yote likiwa la waendao kwa miguu.

Sheria ni lindo, na mlinzi akisinzia adui hupita. Dereva huitii akijua kwamba mbele yake yuko askari aliye macho, asiyepokea hongo. Askari apokeaye noti na kulifumbia macho basi bovu, huenda amewaaga abiria wasiofika.