Kona fupi ya mwisho, saa imekwisha

Sisi watu wa pwani, tukitajiwa michezo ya Kitale na Bungoma, hukumbuka riadha na kandanda, basi. Mpira wa magongo tumezoea kuuhesabu kuwa ni mchezo wa Wahindi wa mjini. Na hatukukosea sana, kwani timu ya Kenya iliyoshika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza kule Barcelona, mwaka 1971, ilijaa Kalasinga na Wagoa. Beki mashuhuri wa zama zile, Avtar Singh Sohal, aliichezea Kenya katika Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972.

Lakini magongo yamehama, msomaji mpenzi. Toka Kitale ushike barabara ya Webuye, ukifika Kamukuywa ukate kulia kwenda Kimilili, utaikuta Friends School Kamusinga, shule ya Bungoma ambayo jina lake halitajwi bila magongo. Na Kitale kwenyewe ipo St. Anthony's, wanaocheza magongo na kandanda kwa hamu ile ile. Mtoto wa huko hushika gongo kama mtoto wa Lamu anavyoshika kasia.

Nilikwenda Kitale kwa shughuli zangu nyingine kabisa. Jioni moja ya baridi (na baridi ya Kitale humpata mtu wa Mombasa hadi kwenye mifupa) nikasimama kando ya uwanja, timu mbili za vijana zikichezeana. Nilichokiona ndicho kilichonifanya niandike.

Timu moja ilikuwa mbele kwa bao moja. Saa ikesha, na papo hapo mwamuzi akatoa kona fupi. Nikadhani wataondoka, kumbe sivyo. Sheria yasema kona fupi iliyotolewa lazima imalizwe, hata kama muda umekwisha.

Hebu tazama inavyokuwa. Walinzi watano tu, kipa akiwa mmoja wao, husimama nyuma ya mstari wa goli. Wenzao wote hufukuzwa hadi ng'ambo ya mstari wa kati. Mshambuliaji mmoja huusukuma mpira kutoka kwenye mstari wa nyuma, mita 10 kutoka mlingoti. Wenziwe wanaungoja nje ya duara, na bao halihesabiwi mpaka mpira utoke kwanza nje ya duara hilo. Pigo la kwanza, likiwa la kugonga kwa nguvu, lisivuke mstari wa goli juu zaidi ya sentimita 46. Lakini mpira wa kuburutwa na kurushwa kwa gongo waweza kwenda juu upendavyo, na hapo ndipo hatari ilipo.

Basi miongoni mwa watano hao yuko mmoja aitwaye mkimbiaji. Mpira ukiguswa tu, yeye hutoka mbio kumwendea mpigaji, uso kwa uso. Huvaa kinyago, na ni haki yake. Akitoka kabla ya mpira kuguswa, mlinzi mmoja huondolewa na wanabaki wanne.

Je, akimbie au abaki? Hapo walimu hawapatani. Kwenye uwanja wa nyasi mpira hurukaruka, anayeupokea huhangaika kuutuliza, na mkimbiaji humfikia angali akihangaika. Kwenye zulia la plastiki, kama lile la City Park, Nairobi, mpira huja umenyooka kama uzi na pigo hutoka upesi. Kijana aliyejifunza ujasiri wake kwenye nyasi huenda akakimbilia ndani ya mpira wenyewe.

Mwalimu wao aliwaita kidogo. Kijana mwembamba, ndiye mkimbiaji, akauliza, "Mwalimu, nikiupata nimpe nani?"

"Usimpe mtu. Utoe tu."

Nikashangaa, kwani mchezaji hufunzwa siku zote kuutaka mpira. Mwalimu akanigeukia. "Mzee, saa imekwisha. Ukivuka duara zaidi ya mita tano, mchezo umekwisha. Lakini asiupige nyuma ya goli makusudi, watapewa kona nyingine."

Wamarekani nao wana fundisho kama hilo katika kandanda yao ya mikono. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Likifika la nne na zimebaki yadi 20, kwa kawaida huupiga mpira mbali kwa mguu, yakaisha. Ila wakiwa nyuma na saa inayoyoma, hawana budi kuurusha. Walinzi hurudi nyuma sana, kama wavuvi wanaoacha samaki waingie uzioni. Na mlinzi huonywa: usiudake, uangushe chini. Kwa nini? Akiudaka kule nyuma, timu yake huanzia pale atakapoangushwa. Ukianguka chini, wanaupata pale jaribio lilipoanzia, yadi nyingi mbele. Mkono unatamani kudaka, na akili inaukataza.

Turudi Kitale. Mpira ukasukumwa, ukaruka juu ya kichuguu kidogo cha nyasi, mpokeaji akautuliza kwa shida. Yule mwembamba alikuwa amekwisha kufika. Pigo likatoka, likampata mguuni, akaanguka.

Uwanja mzima ukamtazama mwamuzi. Maana kwa mlinzi aliye ndani ya mita tano, pigo la kwanza likimpata gotini au juu yake ni hatari, na wanaopewa mpira ni walinzi. Likimpata chini ya goti, kona nyingine. Kijana akajiinua, akashika juu ya goti, akaonyesha. Wenziwe wakaapa. Mwamuzi akatikisa kichwa, akaonyesha goli kwa mikono miwili: kona nyingine.

Nilitazama mwalimu atamtoa yupi. Hakumtoa mtu. Kijana akachechemea hadi mlingotini, akafunga tena mikanda ya kinyago chake, akainama mbele na gongo chini, macho kwenye mpira.