Mwana wa Shella na Vyama vya Chuoni

Mwanafunzi atokaye Shella ya Malindi, na msomaji asije akaichanganya na Shela ya Lamu, aghalabu huondoka nyumbani asubuhi na mapema, sanduku likiwa juu ya matatu na kikapu cha mahamri mapajani, akapita Gede na kando ya msitu wa Arabuko Sokoke hata akateremka Kilifi, penye Chuo Kikuu cha Pwani, ambacho kilianza mwaka 2007 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, mahala palipokuwa na chuo cha kilimo, kikapata hati yake ya kujitegemea mwaka 2013. Safari yenyewe si ndefu, ila ugeni wa juma la kwanza ni mrefu. Hajui mahala pa kula wala pa kuswali, hana anayemwita kwa jina la nyumbani, na mara hujikuta mbele ya meza zilizopangwa chini ya miti, kila meza na bango lake na daftari lake: chama cha Kiswahili, chama cha mazingira, cha Msalaba Mwekundu, cha maigizo, jumuiya ya Waislamu, umoja wa Wakristo, na watu wa kwao waliomtangulia, ambao humshika mkono kabla hajatua mzigo.

Mimi nilipoingia mwaka wa kwanza, katika chuo ambacho sitakitaja, niliandikisha jina langu katika vyama vitano kwa alasiri moja, nikalipa ada tano, nikarudi chumbani na fulana mbili. Hata kufika katikati ya muhula, vyama vinne vilikuwa vimenyamaza kimya, na ada zetu hazikujulikana zilikoishia. Cha tano hakikuwa na fulana wala bango. Kilikuwa na katibu aliyeandika kumbukumbu za kila kikao kwa mkono wake, na aliyenikabidhi, siku ya pili tu ya kuhudhuria kwangu, kazi ya kupanga viti na kuandika mahudhurio. Nilipokwenda nyumbani likizoni nikamsimulia nyanya yangu hasara ile, naye hakuacha kuchambua mchicha wake.

“Kwani kabla ya kutoa pesa hukuuliza daftari la hesabu?”

“Sikuuliza, nyanya.”

“Basi mjukuu wangu, wewe ulinunua fulana.”

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana yeye alikulia katika mambo ya vyama. Miji ya mwambao huu, kabla ya vyuo vikuu kujengwa katika nchi zetu, ilikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama vya akina mama, vyenye sare zao, vyeo vyao na mashindano yao, na vyama vya ngoma ya beni vya wanaume, vilivyozuka mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea kutoka pwani hata bara, ambamo mchukuzi wa bandarini aliweza kuitwa Jenerali au Kingi jioni ya Jumamosi. Wageni wengi walioviona waliziona ngoma tu na mavazi ya kuigiza Wazungu. Hawakuona kwamba mwanachama akiugua alisaidiwa, na akifa alizikwa kwa heshima, kwa fedha zilizochangwa na kuhesabiwa. Upatu wa akina mama hata leo huendeshwa kwa dasturi hiyo hiyo: zamu hujulikana, na anayechelewesha mchango hujulikana vilevile. Basi mwana wa Shella anapodhani kwamba chama ni jambo la kigeni alilolikuta Kilifi, huwa amesahau alikotoka.

Na faida ya chama cha chuoni, kwa maoni yangu, hutoka katika kazi ile ndogo ndogo isiyopendwa. Julius Nyerere alipoingia Makerere mwaka 1943, yeye na wenziwe, Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu wakiwamo, waliunda chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika, kikundi cha wanafunzi wachache ambacho baadaye kilikuwa tawi la chama kikubwa cha TAA. Na miaka kumi na moja baada ya kuingia kwake chuoni, tarehe 7 Julai 1954, TAA hiyo iligeuzwa TANU, Nyerere akiwa kiongozi wake. Dar es Salaam nako, mwaka 1967, wanafunzi waliunda chama cha kimapinduzi, USARF, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni, na kuanzia 1969 wakatoa jarida lao la Cheche, walilolipiga chapa wenyewe kwa mashine ya stensili. Mwaka 1970 serikali ilivifunga vyote viwili, chama na jarida. Mtu anaweza kuyakataa mawazo yao yote, nami yako ninayoyakataa, lakini hawezi kukana kwamba vijana wale walijifunza kuitisha kikao, kubishana kwa hoja, na kumaliza walichokianza.

Kwa kawaida chama kinachotambuliwa na chuo huwa na katiba, viongozi waliochaguliwa, na mlezi ambaye ni mwalimu, nacho huwa kimeandikishwa katika ofisi inayosimamia mambo ya wanafunzi. Chama cha watu wa kwenu kina raha yake, hasa usiku wa homa, lakini ukikaa humo pekee miaka minne utakuwa umelipa karo ili uhamishie Shella Kilifi. Jiunge nacho, kisha utafute kingine ambamo hakuna akujuaye. Viwili vyatosha, maadam masomo yana haki yake, na mkopo wa serikali hautolewi kwa ajili ya vikao.

Wewe mgeni utakayesimama mbele ya meza zile mwaka huu, usiangalie bango. Hudhuria kikao kimoja bila kulipa, umtazame katibu kama anaandika, kisha mwombe mtunza hazina, kwa adabu, akuonyeshe hesabu za mwaka uliopita. Akikuonyesha, toa ada yako na uombe kazi. Asipokuonyesha, shilingi zako zirudi mfukoni.