Udhibiti wa Madhara ya Dawa za Lukemia katika Mfumo wa Fahamu: Hali ya Mtoto Aliyerejea Pito, Sumbawanga

Mtoto wa Pito anayeugua lukemia kali ya limfoblasti hatibiwi Pito. Rufaa humpeleka Mbeya, na mara nyingi Muhimbili jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka uwanda wa Ufipa. Hata hivyo, madhara mengi ya dawa katika mfumo wa fahamu hujitokeza akiwa amesharudi nyumbani, mbele ya mama yake na mhudumu wa zahanati ambaye pengine hajawahi kuiona dawa yenyewe.

Chanzo kikuu ni vinkristini, iliyotokana na mmea wa Catharanthus roseus wenye asili ya Madagaska. Dawa hii huzuia seli za saratani kugawanyika kwa kuvuruga mikrotubuli. Lakini mikrotubuli ndizo pia njia ambazo neva husafirishia mahitaji yake hadi ncha za vidole. Ndiyo maana neva ndefu, zile za miguuni, hudhurika kwanza. Mtoto huhisi ganzi, hulalamikia taya, au hujikwaa kwa kuwa wayo hauinuki. Neva za utumbo nazo zikilegea, choo hufunga. Dalili hii hudharauliwa mno, ilhali tumbo kuvimba pamoja na kutapika huweza kuashiria utumbo uliopooza, hali inayohitaji hospitali siku hiyo hiyo. Dawa ya kulainisha choo huanzishwa mapema, kabla ya tatizo kukomaa.

Katika baridi ya Juni na Julai, familia ya Ufipa huota moto. Mguu wenye ganzi hauonyi unapoungua. Hivyo nyayo hukaguliwa kila jioni. Mazoezi ya viungo na kifaa cha kushikilia kifundo husaidia mwendo. Kupunguza au kuahirisha dozi ni uamuzi wa daktari bingwa pekee, kwani dozi zinazorukwa humpa ugonjwa nafasi ya kurudi.

Hatari nyingine hutoka duka la dawa. Itrakonazoli na baadhi ya dawa nyingine za fangasi huzuia vimeng'enya vinavyovunja vinkristini, sumu ikazidi. Utafiti uliofanyika Eldoret, Kenya, ulionyesha kuwa watoto wengi walikuwa na kimeng'enya CYP3A5 chenye nguvu, na madhara ya neva yalikuwa machache. Matokeo hayo yanatia moyo, ila hayamlindi mtoto aliyepewa dawa ya fangasi bila mtoaji kujua historia yake.

Methotreksati, inayodungwa katika majimaji ya uti wa mgongo (njia ambayo vinkristini huua), huweza kuleta degedege, kupooza upande mmoja au kushindwa kusema, kwa kawaida kati ya siku 2 na 14 baada ya sindano. Wengi hupona, lakini dalili hizo hufanana na za malaria kali. Hivyo, barua ya kumruhusu mtoto yafaa itaje kwa Kiswahili jina la dawa, tarehe ya sindano ya mwisho, dawa za kuepukwa, na simu ya wodi.