Mbwa wa Longonot: najisi si ruhusa ya kutesa

Sisi watu wa pwani hufunzwa mambo mawili kuhusu mbwa tungali wadogo. La kwanza twafunzwa chuoni, mbele ya mwalimu na bakora yake: kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba hakitahiriki mpaka kioshwe mara saba, moja kati yake kwa udongo. La pili hatulifunzwi na mwalimu yeyote. Twafunzana wenyewe vichochoroni. Nalo ni kwamba mbwa akipita, mtoto ana haki ya kumrushia jiwe.

Jambo la kwanza lina vitabu vyake na wanavyuoni wake. La pili halina kitabu. Walakini ukipita Mombasa, Malindi au Lamu utawakuta wengi walioshika la pili barabara, ilhali la kwanza walijua nusunusu. Leo nataka kuyatenganisha mambo haya mawili, na kisa kitakachonisaidia nilikishuhudia mbali na bahari, huko Longonot.

Msomaji asiyepajua Longonot na aifuate njia ya magari makubwa inayoteremka Bonde la Ufa, aipite Mai Mahiu, aelekee Naivasha. Mkono wa kushoto ataona mlima uliokatika kichwa. Huo ni mlima uliopata kutapika moto zama za kale. Kimo chake ni mita 2,776, na tangu mwaka 1983 ni mbuga ya taifa. Chini yake pana mji mdogo, kituo cha reli ya zamani, maduka yaliyopangana kandokando ya barabara, na vumbi jepesi la mawe ya volkeno linaloingia hata ndani ya chai. Usiku kuna baridi. Mchana kuna jua na upepo, na maji ni adimu. Wengi huyanunua kwa mtungi, yakiletwa kwa mkokoteni wa punda. Naomba msomaji alishike neno hili la maji, maana tutalirudia.

Huko anaishi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, na mkewe. Wote wawili ni wazaliwa wa Mombasa. Riziki iliwapeleka bara, wakafungua duka, na wamekaa miaka sasa. Nilikwenda kuwatembelea mwezi wa Rajabu.

Mbwa wa huko hawafanani na wetu wanaozurura majaani. Wafugaji wa sehemu zile, Wamasai kwa Wakikuyu, huwategemea usiku kwa sababu fisi na chui hawajahama. Mbwa huko ana kazi. Lakini kazi ikiisha, au mwenyewe akihama, aghalabu mbwa huachwa. Watu wa bonde lile huhamahama sana kufuata vibarua vya mashamba ya maua na vya barabara, na si kila mtu huona kwamba mbwa ni mzigo wa kupakia garini.

Hatua mia mbili kutoka dukani kwa mpwa wangu palikuwa na ua uliokuwa ukitengenezewa malori. Mwenyewe alifunga kazi akaondoka. Majirani walisikia mbwa akibweka mle ndani siku kadhaa, kisha akawa analia, kisha akanyamaza. Kilichomshitua mpwa wangu hakikuwa kile kilio. Kilikuwa ule ukimya. Alikwenda kuchungulia, nami nikamfuata.

Tulimkuta amefungwa kwa waya kwenye chasisi ya gari bovu. Alikuwa jike wa rangi ya hudhurungi, mbavu zake zahesabika. Waya ulikuwa umeingia ndani ya nyama ya shingo na jeraha lilikwisha kuingia funza. Masikio yalijaa kupe, ngozi ya mgongo imetoka manyoya kwa upele. Mbele yake palikuwa na kopo limepinduka, kavu kabisa. Hakubweka alipotuona. Alijikunja tu, akageuza uso ukutani.

Mpwa wangu alirudi dukani akaleta maji katika kopo jingine, akalisukuma kwa fimbo mpaka likamfikia. Mbwa alikunywa mpaka kopo likawa linagonga chini. Hapo ndipo swali lilipoanza, nalo halikuwa la mbwa bali la nyumba.

Mkewe alisema wazi, na maneno yake yalikuwa na uzito: "Maji mpeni, hapana anayekataza. Lakini mkimleta hapa tutaishije? Nyumba yetu ni ya kusalia. Na hayo maji ya kuosha mara saba twanunua mtungi kwa mtungi." Mpwa wangu akanigeukia. "Mjomba, wewe ndiye uliyekaa chuoni miaka mingi. Tuambie."

Niliwaambia yale niliyosomeshwa, na nikawataka wamwendee imamu wa Naivasha awathibitishie, maana mimi ni mwandishi, si mufti. Katika madhehebu yetu ya Shafii mbwa ni najisi, hilo halina ubishi. Wanavyuoni wa madhehebu ya Maliki wanaona vingine, nao pia ni Waislamu kama sisi. Lakini hata kwetu Mashafii hukumu ina mipaka yake. Najisi yahama kwa majimaji. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, hapana cha kuosha. Kinachooshwa mara saba ni kile kilichopatwa na mate yake au unyevu wake. Na kumfuga mbwa ndani ya chumba kwa pambo tu kumekatazwa, bali mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda ameruhusiwa kwa hadithi iliyo sahihi.

Nikawakumbusha mengine ambayo kila mtoto wa chuo ameyapitia, ila huyasahau akishika jiwe. Wale vijana wa pangoni katika Suratul Kahf walikuwa na mbwa wao mlangoni, na Mwenyezi Mungu amemtaja pamoja nao. Suratul Maida imehalalisha windo la mbwa aliyefunzwa. Na ipo hadithi katika Bukhari na Muslim ya mtu aliyeteremka kisimani kwa kiu, alipopanda akamwona mbwa analamba udongo kwa kiu ileile, akarudi chini, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha. Mungu akamshukuru, akamsamehe. Masahaba walipouliza kama hata kwa wanyama mna thawabu, wakajibiwa kwamba mna thawabu kwa kila chenye uhai.

Tazama jambo hili, msomaji. Mtu yule hakuambiwa kwamba mbwa ametahirika. Mbwa alibaki na hukumu yake, na mtu akapata thawabu yake. Mambo mawili yalikaa pamoja bila kugombana.

Iko hoja nyingine niliyoisikia baadaye kwa rafiki zangu wa Mombasa, kwamba kufuga mbwa ni mila ya bara. Si kweli. Vijijini Unguja wako wasasi, Waislamu wa tangu jadi, wanaofuga mbwa kwa kuwinda nguruwe mwitu wanaoharibu mashamba. Hata lugha yetu inashuhudia, maana neno msasi tumelirithi kwa wazee, hatukuliazima bara.

Basi nyumba ile ilijipangia. Banda la mabati lilijengwa mwisho wa ua, mbali na mlango na kamba ya nguo. Mbwa alipewa sufuria kuukuu mbili zake mwenyewe, moja ya chakula, moja ya maji, na hazikuingia jikoni kamwe. Mpwa wangu alitenga shati na viatu vya kumhudumia, akavitundika bandani. Matokeo yake ni kwamba katika siku zote nilizokaa nao, ule uoshaji wa mara saba uliotisha haukuhitajika hata siku moja. Hesabu ya maji ya mbwa ilikuwa sufuria moja asubuhi na moja jioni.

Kumponya kulikuwa kazi nyingine. Daktari wa mifugo aliukata waya, akasafisha jeraha, akatoa funza, akampiga sindano. Akatupa dawa ya minyoo, ya kupe na ya upele, na akampangia siku ya kurudi kuchanjwa. Alitueleza pia kuwa kiko chama cha kuwatetea wanyama, KSPCA, ambacho asili yake ni mwaka 1910, na kina vituo Nairobi, Naivasha na Mombasa. Kwa hiyo mtu wa pwani asiyeweza kumchukua mbwa aliyetupwa anaye wa kumwambia.

Kubwa alilotufunza daktari yule ni chakula. Mtu mwenye huruma akimwona mnyama aliyekondeana hutaka kumjaza palepale, na huko ni kumwua. Mwili uliokaa na njaa siku nyingi haustahimili shibe ya ghafula. Kwa hiyo alilishwa kidogokidogo, mara nne kwa siku: uji mzito, kisha ugali laini uliochanganywa na dagaa, kisha vipande vya maini. Mifupa iliyopikwa alikatazwa, kwa kuwa hupasuka vipande vikali vikachoma matumbo.

Mwili ulianza kupona kabla ya moyo. Akisikia hatua za mtu alijibana pembeni akatetemeka. Daktari alisema asikodolewe macho, asiinamiwe, wala asivutwe atoke. Aachwe aje mwenyewe. Aliyeliweza hilo ni yule mama aliyekuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Kila alasiri alitoa kigoda chake uani, akalipa banda mgongo, akachambua mchele wake kimya. Siku ya kwanza mbwa hakutoka. Siku ya tano alitoa pua. Siku ya tisa alilala hatua tatu nyuma ya kigoda. Mpwa wangu alitaka kumwita Simba. Mkewe akasema mbwa huyu tulimjua kwa kunyamaza kwake, basi ataitwa Kimya.

Nilirudi Longonot mfunguo mosi, baada ya Idi. Mwezi wote wa Ramadhani watu wa nyumba ile walikuwa wakijinyima mchana, na Kimya akipewa maji yake jua likiwa utosini. Nilimkuta amejaa mwili, manyoya yamerudi, isipokuwa shingoni ambako kovu limezunguka kama ushanga. Si kila kitu kilipona. Mpaka leo hapiti chini ya waya wa aina yoyote, na mwanamume akishika chuma hukimbilia bandani. Lakini usiku wa pili wa safari ile fisi walipokaribia boma la mbuzi wa jirani, Kimya alibweka mpaka watu wakatoka na tochi. Jirani alipokuja asubuhi kushukuru, mama wa nyumba alimjibu kwa kicheko: "Mshukuru mwenye jina lake, leo hakunyamaza."

Sasa niseme na wale watakaoniuliza: Na kichaa cha mbwa je? Ni swali la haki. Ugonjwa huo ukishadhihiri kwa mtu, hapana aponaye isipokuwa nadra mno. Hukadiriwa kuua watu elfu 59 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi ni watoto. Kenya ugonjwa huu unajulikana tangu mwaka 1912, alipoonekana nao mbwa mmoja karibu na Nairobi, na tangu 2014 nchi ina mpango wa kuumaliza ifikapo 2030. Lakini dawa yake si jiwe wala sumu. Wataalamu wamethibitisha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Mbwa aliyechanjwa na akalishwa ni ngao ya mtaa. Mbwa anayepigwa mawe hujifunza kuuma. Na mtu akiumwa, aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa robo saa, kisha aende hospitali siku ileile akachanjwe, asingoje kuona.

Tena sheria ya nchi ipo. Sura ya 360 ya sheria za Kenya inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayemtesa mnyama au kumnyima chakula na maji akiwa mikononi mwake. Mwenye kumfunga mbwa kwa waya akaondoka hakutupa takataka, ametenda kosa.

Walionizoea ukurasani hapa wanajua siwezi kuondoka bila ubeti. Huu niliwaachia wenyeji wangu siku ya kuagana:

Najisi huondoleka, kwa udongo na kwa maji,
Mnyama akiteseka, hana wakili mwombaji,
Siku ya kukusanyika, mbele ya Mwenye kuhoji,
Dhuluma ilotendeka, haisafishwi na maji.

Simwambii mtu afuge mbwa. Asiyemtaka asimfuge, na mwenye nyumba finyu ya Mji wa Kale ana udhuru wake. Ninachowaomba walimu wa vyuo ni kwamba siku wanapowafunza watoto habari ya kuosha mara saba, wawasomee siku hiyohiyo kisa cha mtu wa kisimani, ili mtoto atoke chuoni na hukumu yote, si nusu yake. Na sisi watu wazima, wakati wa kaskazi jua linapochoma, kopo moja la maji kando ya ukuta wa nje halinajisi nyumba ya mtu.