Uwongo ulioharibu arusi: mchezo wa Shakespeare wa zaidi ya miaka 400

Kwa Kiingereza unaitwa Much Ado About Nothing, ni kusema makelele mengi bure. William Shakespeare aliuandika karibu mwaka 1598, ukachapwa London mwaka 1600. Ni mchezo wa mapendo na wa kuchekesha, lakini ndani yake kuna binti anayechafuliwa jina juu ya uwongo.

Mambo inapita Messina, mji wa Sicilia, kule Italia. Vita imeisha, wapiganaji wanafikia kwa gavana Leonato. Kijana Claudio anapenda Hero, binti ya gavana, na arusi inapangwa. Don John, mtu wa wivu, anataka kuiharibu. Usiku, mtu wake anaongea mapendo na mtumishi wa kike kwenye dirisha la Hero, akimwita "Hero". Claudio anaangalia kwa mbali, gizani, anaamini.

Kesho yake, kanisani, machoni pa watu wote, anamkataa Hero kama mwasherati. Hero anazimia. Hata baba yake anaamini. Binamu yake Beatrice ndiye anasema hapana, huo ni uwongo. Padiri anashauri watangaze kama Hero amekufa, mpaka ukweli utokee.

Nani anatoboa siri? Si wakubwa. Ni walinzi wa usiku, waliosikia yule mtu akijisifu. Mkubwa wao Dogberry, anayechekesha kwa kuchanganya maneno, alimwendea gavana mbele ya arusi. Gavana hakuwa na wakati wa kumsikiliza.

Lakini maneno ya kupanga yanaweza pia kujenga. Beatrice na Benedick wanagombana kila wanapokutana, na kila mmoja anaapa kama ndoa si yake. Marafiki wanamfanya kila mmoja asikie, sawa kwa bahati, kama mwenzake anamupenda. Kumbe mapendo yanakuja kweli.

Hawa wawili ndio wamedumu zaidi. Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza aliandika majina yao kwa mkono wake kandokando ya jina la mchezo, katika kitabu chake. Mwaka 1862 Mfaransa Hector Berlioz alitoa opera Béatrice et Bénédict. Mwaka 1993 Kenneth Branagh akautoa katika filme, Denzel Washington akiwemo. Anyone But You, ya mwaka 2023, nayo imetoka humo.

Mwishoni Claudio anamuoa Hero. Aliokoka juu walinzi wadogo walisikilizwa, hata kama walichelewa kusikilizwa.