Kufuatilia Uvimbe Unaosogea kwa Pumzi

Mapafu hayatulii. Mgonjwa anapovuta pumzi, kiwambo hushuka, na uvimbe wa saratani ulio sehemu ya chini ya pafu huweza kusogea hata sentimita 2, kisha hurejea ulipokuwa. Picha moja tuli haionyeshi mwendo huo. Kwa hiyo daktari wa tiba ya mionzi hulazimika kupanua eneo analolenga, na tishu za jirani zenye afya hudhurika.

Kwa mchimbaji dhahabu wa Runzewe hasara hiyo ni nzito zaidi. Vumbi la silika huacha makovu mapafuni, tena huongeza hatari ya kifua kikuu na saratani; sehemu iliyosalimika ndiyo akiba ya pumzi yake.

Uoni wa kompyuta hupunguza hasara hiyo. Mashine ya CT hupiga picha mfululizo katika hatua zote za pumzi. Programu, iliyofunzwa kwa picha ambazo wataalamu wamezichorea mipaka ya uvimbe, hulinganisha picha moja na inayofuata, kisha huonyesha njia ambayo uvimbe hupita. Wataalamu huhakiki matokeo, kwani kovu huweza kudhaniwa kuwa uvimbe.

Mgonjwa naye husaidia kwa kupumua taratibu, kwa mwendo ule ule. Hata hivyo, hakuna programu iwezayo kufuatilia uvimbe usiopigwa picha. Kikohozi kisichoisha baada ya tiba ya kifua kikuu, makohozi yenye damu, na kukonda kusikoelezeka ni dalili zinazodai rufaa ya mapema kuelekea Bugando, Mwanza, inakotolewa tiba ya mionzi.