Trekta Dogo la Kufyekea Mlimani: Upana Kwanza, Nguvu Baadaye

Matrekta madogo, yaani yale ya nguvu za farasi 20 hadi 50, huuzwa kwa sifa za injini. Wakala hutanguliza nguvu za farasi, hufuatisha uzito ambao mikono ya nyuma inaweza kuinua, kisha hutaja bei. Kwa shamba la tambarare maelezo hayo yanatosha. Kwa eneo la milimani kama Lushoto, Limuru au Njombe, ambako malisho, viwanja vya shule na kingo za barabara za shamba hukaa kwenye mteremko, namba ya kwanza kuulizwa ni umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia. Kufyeka nyasi hakuli nguvu nyingi: trekta la nguvu za farasi 25 huendesha fyekeo la upana wa mita 1.2 bila taabu. Mlimani trekta huangushwa na kukosa uthabiti, na injini kubwa hailiongezei.

Kabla ya kwenda dukani, hupimwa ardhi. Macho hudanganya sana kwenye mteremko. Aliyekaa juu ya trekta huuona mkali kuliko ulivyo, na aliyezoea kuupanda kila siku huuona mpole. Ubao ulionyooka wa mita 1 na pima maji vinatosha. Ncha moja ya ubao huwekwa ardhini upande wa juu, ubao husawazishwa kwa pima maji, kisha hupimwa pengo lililobaki kati ya ncha ya pili na ardhi. Pengo la sentimita 18 ni mteremko wa digrii 10, sentimita 27 ni digrii 15, na sentimita 36 ni digrii 20. Digrii zisichanganywe na asilimia, kwa kuwa digrii 15 ni asilimia 27, na wapo wauzaji wanaotaja ile namba inayopendeza zaidi masikioni. Vitabu vingi vya mashine za kukatia nyasi za kupandwa huweka kikomo kwenye digrii 15, vingine chini ya hapo. Kipimo kinachohesabika ni cha mahali pakali kuliko pote panapofyekwa. Wastani wa shamba zima hausaidii kitu.

Digrii 15 zinaweza kuonekana chache kwa mashine yenye magurudumu manne. Sababu iko chini ya injini, mahali ambapo wanunuzi wachache huinama kutazama. Ekseli ya mbele ya trekta la kawaida haikufungwa kwa uthabiti kwenye bodi. Imening'inizwa kwenye pini moja katikati, ili magurudumu ya mbele yapande na kushuka kwa kufuata mabonde ya shamba. Kwa hiyo trekta linapoanza kuinama upande, halisimami juu ya pembe nne. Limesimama juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya nyuma na ile pini ya mbele. Ekseli huja kusaidia baadaye tu, inapogonga kizuizi chake, na wakati huo mashine imeshashika kasi ya kuanguka.

Hesabu yake si ngumu. Trekta lenye upana wa sentimita 120 kati ya matairi ya nyuma, ambalo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 65 kutoka ardhini na asilimia 40 ya uzito wake iko mbele, limebakiwa na takriban sentimita 36 tu kutoka kitovu hicho hadi ukingo wa pembetatu. Mashine hiyo huanza kupinduka kwenye mwinamo wa digrii 29 hivi, ikiwa imesimama. Sasa iwekwe kwenye mteremko wa digrii 15, ikikata kwa ubavu. Tairi la juu likipanda kichuguu au jiwe la sentimita 15, zinaongezeka digrii 7. Tairi la chini likitumbukia kwenye shimo la kina hichohicho, zinaongezeka nyingine 7. Jumla ni 29, na dereva hajakata kona wala kuongeza mwendo. Nyasi ndefu ndizo zinazoficha vichuguu na mashimo, na nyasi ndefu ndiyo sababu ya trekta kupelekwa pale.

Kutokana na hesabu hiyo, mambo mawili humpa mnunuzi faida: kupanua miguu ya mashine na kushusha uzito wake. Matrekta mengi yana rimu za nyuma zinazoweza kugeuzwa ndani nje, na upana ukaongezeka bila gharama yoyote zaidi ya jasho la fundi. Mengine hukubali spesa kati ya rimu na ekseli, lakini spesa huongeza mzigo kwenye beringi, hivyo zifungwe zile tu zinazoruhusiwa na kiwanda. Kati ya matrekta mawili ya nguvu sawa, lenye bodi kubwa zaidi ndilo la mlimani, hata kama lina miaka zaidi.

Uzito hushushwa kwa njia rahisi kuliko zote: maji. Tairi la nyuma hujazwa maji hadi robo tatu ya ujazo wake, na tairi moja la trekta la ukubwa wa kati hupokea zaidi ya lita 100. Kila lita ni kilo moja, na sehemu kubwa ya kilo hizo hukaa chini ya kitovu cha uzito wa mashine. Katika nchi za baridi kali huchanganywa kalsiamu kloridi ili maji yasigande, nayo hula rimu kwa kutu. Huku kwetu maji matupu yanatosha mahali pengi. Kinyume chake, kabati la vioo huweka uzito juu kabisa, na kijiko cha kupakia kilichoinuliwa hufanya vivyo hivyo. Kijiko kikiwa hakina kazi, kivuliwe au kishushwe karibu na ardhi.

Jambo linalofuata ni breki, na hapa wanunuzi wengi hupitiwa. Kwenye matrekta mengi madogo breki hushika magurudumu ya nyuma pekee. Wakati wa kushuka, gurudumu moja la nyuma likipoteza mshiko, difu huliacha lizunguke huru, na injini iliyokuwa ikizuia mwendo haizuii tena chochote. Mashine huteremka kama gari lililotolewa gia. Foo-wili ikiwa imeingizwa, magurudumu ya mbele nayo yanazuiwa na injini. Ndiyo maana trekta la magurudumu mawili ya kuvuta halifai mlimani kwa bei yoyote, na ndiyo maana foo-wili huingizwa wakati wa kushuka sawa na wakati wa kupanda. Gia ya haidroliki inayoongozwa kwa pedali moja humfaa mfyekaji zaidi ya klachi, kwa sababu hakuna wakati mashine iko huru katikati ya kubadilisha gia. Matairi yawe na kashata nene; yale laini ya bustani hayakwaruzi nyasi, lakini asubuhi yenye umande huteleza.

Zana nayo ni sehemu ya uthabiti. Fyekeo la kisu cha kuzunguka linalofungwa nyuma ni refu na hutoka mbali, likilemea upande wa nyuma hadi magurudumu ya mbele yakose uzito wa kukata kona. Dawa yake ni vyuma vya uzito mbele. Fyekeo la nyundo ni fupi, hukaa karibu na ekseli, na halirushi mawe mbali. Aina inayosogezwa pembeni ni bora zaidi, maana trekta hupita kwenye ardhi ya afadhali huku fyekeo likifikia ukingo, mradi lisogezwe upande wa juu wa mlima. Kwa kawaida trekta hufyeka kwa kupanda na kushuka. Pale panapokuwa pakali mno, hupanda kinyumenyume na kushuka kwa mbele, ili lisinyanyuke pua.

Zipo mashine zilizozaliwa kwa kazi hii. Kwenye milima ya Alps wafugaji hukata majani ya ng'ombe kwa Reform Metrac ya Austria na Aebi Terratrac ya Uswisi, mashine fupi, pana, zenye magurudumu manne yanayolingana na dereva aliyekaa chini. Marekani kuna Ventrac 4500, inayotengenezwa Ohio, ambayo hujikunja katikati, na ikifungwa matairi mawilimawili kila upande kiwanda chake huiruhusu hadi digrii 30. Bei zake ziko juu sana ya trekta la kawaida, na vipuri havipatikani kila mji, lakini kwa uwanja wa gofu wenye miteremko hesabu inaweza kukubali.

Kisha kuna upinde wa chuma nyuma ya kiti, wa kumkinga dereva trekta likipinduka. Sweden iliulazimisha kwa matrekta mapya mwaka 1959. Marekani watengenezaji walikubaliana mwaka 1985 kuuweka kwenye matrekta yote mapya yanayozidi nguvu za farasi 20. Matrekta mengi yaliyotumika kutoka Japani, Yanmar, Iseki na Kubota za zamani, yalitengenezwa kwa mashamba ya mpunga na hayana upinde huo. Pia ni membamba. Injini zake ni imara na bei inavutia, lakini yakinunuliwa kwa ajili ya mlima bila kufungwa upinde uliopimwa kiwandani, hakuna bei nafuu hapo. Bomba lililochomelewa mtaani halihesabiki, kwani hujikunja linapobeba uzito wa mashine. Upinde hufanya kazi pamoja na mkanda wa kiti. Bila mkanda dereva hurushwa nje na kulaliwa na upinde wenyewe. Upinde wa kukunjwa ukiwa umelazwa, mkanda haufungwi.

Kwa sehemu zinazozidi digrii 20, trekta la kawaida lililopanuliwa, lililojazwa maji na lenye foo-wili bado si la kupelekwa huko. Hapo hufyekwa kwa mashine ya begani, au nyasi huondolewa kabisa na kupandwa vetiva na majani ya Guatemala kwa kufuata kontua, ambayo hukatwa kwa panga kulishia ng'ombe na kuzuia udongo kushuka.